Figo ya kupandikizwa na pengo la meno: nipandikize jino, niweke daraja, au nivae ya kuvua?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro, nina miaka 46. Mwaka juzi nilipandikizwa figo niliyopewa na kaka yangu, na namshukuru Mungu inafanya kazi vizuri. Natumia takrolimasi, maikofenoleti, prednisoloni miligramu 5, na amlodipini ya presha. Mwaka jana niling'olewa meno mawili ya chini kushoto, gego kubwa la kwanza na gego dogo la mbele yake. Natafunia upande mmoja, na nikiwa mbele ya darasa naona aibu kucheka. Daktari wa meno wa kwanza aliniambia nipandikize meno haraka kabla mfupa haujaisha, na bei akanitajia palepale. Wa pili akasema mtu mwenye kinga ndogo hapandikizwi jino, nitengenezewe daraja. Jirani yangu ana meno ya kuvaa na kuvua, anasema hayo yanatosha kabisa. Nifuate lipi? Nina pia kipande cha jino kilichobaki juu kulia, lakini hakiumi.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hongera kwa figo, na huyo kaka mpe salamu zangu. Nitaanza na sentensi yako ya mwisho, ile uliyoitupia mlangoni ukiwa umeshaaga, kwa sababu ndiyo iliyonishtua. Pengo la chini kushoto linaweza kusubiri. Hicho kisiki cha juu kulia hakisubiri.

Kipande cha jino kinachobaki kwenye fizi kwa muda mrefu kwa kawaida kimeshakufa ndani. Bakteria huingia kupitia uwazi wa katikati ya mzizi na kupenya hadi kwenye ncha yake ndani ya mfupa. Kwa mtu mwenye kinga kamili, mwili hukizungushia kifuko cha tishu na kukizuia hapo, wakati mwingine kwa miaka, mpaka siku mambo yaharibike, uso uvimbe na homa ipande. Wewe unakunywa dawa tatu ambazo kazi yake ni kuwapunguza makali askari haohao wanaolinda kifuko hicho, ili wasiishambulie figo ya kaka yako. Na prednisoloni, hata kwa dozi ndogo kama yako, hupunguza uvimbe na maumivu. Kwa hiyo neno "hakiumi" lina uzito mdogo sana kwako kuliko kwa jirani yako. Maambukizi kwa mtu wa dawa za kushusha kinga mara nyingi hayapigi kelele: hakuna jipu kubwa, hakuna homa kali, kuna uchovu tu na labda ladha mbaya mdomoni asubuhi.

Nenda ukapigwe picha ya eksirei ya mdomo mzima, ile ya taya zote kwa pamoja, na kisiki hicho kitolewe kwa mpango, daktari wako wa figo akiwa na taarifa. Hapohapo liangaliwe kila jino lililobaki, fizi zisafishwe, matundu yazibwe. Mwulize pia daktari wa meno kuhusu amlodipini. Dawa za presha za kundi hilo huweza kufanya fizi ivimbe na kuota juu ya meno, na ukoga ukijificha chini yake hautoki kwa mswaki. Si lazima ibadilishwe, lakini daktari wa figo anapaswa kujua kama fizi zako zimeanza kufanya hivyo. Jino la bandia la aina yoyote likiwekwa kwenye mdomo wenye maambukizi ni fedha iliyopotea, na kwako linaweza kuwa zaidi ya fedha.

Sasa tuje kwenye ushauri uliopewa. Daktari wa kwanza hakusema uongo kuhusu mfupa. Jino likitoka, ukingo wa taya uliokuwa umelishikilia hunyauka: karibu nusu ya upana wake hupotea ndani ya miezi 12 ya kwanza, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Lakini wewe uling'olewa mwaka jana. Kilichokuwa cha kwenda haraka kimeshakwenda. Kinachobaki kinapungua polepole. Ukisubiri nusu mwaka mwingine ili mdomo utulie, hutapoteza kitu cha maana. Haraka aliyokutia ingekuwa na mantiki wiki ile ya kung'oa, si leo. Na daktari anayetaja bei kabla ya kuuliza unatumia dawa gani, mimi simrudii mara ya pili.

Wa pili naye amechukua tahadhari ya kweli akaifanya marufuku. Kipandikizi ni skrubu ya titaniamu inayofungwa ndani ya mfupa, na mfupa unaota na kushikana nayo. Jambo hili Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aliligundua miaka ya 1950 na kumfanyia mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Kwa miaka mingi watu waliopandikizwa viungo waliambiwa kama ulivyoambiwa wewe. Siku hizi wapo wagonjwa wa figo na wa ini waliowekewa vipandikizi na kufuatiliwa kwa miaka, na kwa wale ambao hali yao imetulia matokeo hayako mbali na ya watu wengine. Makundi yaliyofuatiliwa ni madogo, ndiyo sababu hakuna daktari makini atakayekupa hakikisho. Ila kati ya "hakuna hakikisho" na "haiwezekani" kuna nafasi kubwa, na wewe uko ndani ya nafasi hiyo.

Mimi nisingekuuliza "kinga yako iko ngapi?" kana kwamba ni namba moja. Ningetaka kujua mambo kadhaa, na majibu ya mengi unayo tayari kwenye faili lako la kliniki. Figo imetulia? Miezi sita ya kwanza baada ya upasuaji hatugusi kitu kisicho cha dharura, na vivyo hivyo kama mwili ulijaribu kuikataa figo karibuni ukaongezewa dawa kali. Umevuka hapo, vizuri. Picha kamili ya damu ikoje? Chembe nyeupe aina ya nyutrofili zikiwa chini ya 1000 kwa mikrolita hatufanyi upasuaji wa hiari, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chini ya 50,000 hatung'oi jino nje ya hospitali yenye uwezo. Sukari ikoje? Watu wengi wanasahau kwamba takrolimasi na prednisoloni zinaweza kukuletea kisukari ambacho hukuwa nacho. Omba kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Kikiwa chini ya asilimia 7 tunaendelea, kikipita 8 tunarudi kwanza kwenye sukari.

Swali jingine ambalo wagonjwa wa figo hawaulizwi vya kutosha: umewahi kupewa dawa ya kuimarisha mifupa? Kuna vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, kuna sindano ya kila miezi sita, kuna dripu ya mara moja kwa mwaka. Ni dawa nzuri kwa mifupa ya nyonga na mgongo, lakini taya lililotobolewa au kung'olewa jino wakati dawa hiyo iko mwilini linaweza kukataa kupona na mfupa ukabaki wazi. Kama uliwahi kuitumia, mwambie daktari wa meno kabla ya kisiki kutolewa, si kabla ya kipandikizi tu.

Kuhusu daraja nina msimamo mkali kidogo, na wenzangu wengine hawatakubaliana nami. Kwa pengo la meno mawili kama lako, daraja ni meno manne yaliyounganishwa: mawili ya bandia katikati, na mawili yako ya pembeni, gego dogo la mbele na gego la nyuma, yakichongwa kuzunguka pande zote ili yavishwe kofia. Kama majirani hao ni wazima, unaharibu meno mawili mazima ili kupata mawili ya bandia. Baadhi ya meno yaliyochongwa hivyo hufa kiini chake miaka kadhaa baadaye, kimyakimya, chini ya kofia, na hapo unarudi palepale tulipoanzia: ncha ya mzizi yenye usaha ndani ya taya la mtu ambaye mwili wake haupigi kelele. Kuoza pia huanzia kwenye ukingo wa kofia, chini ya daraja, mahali uzi wa meno haupiti isipokuwa ukiuchomeka kwa sindano yake ya plastiki na kuupitisha chini ya meno ya bandia kila usiku. Ni wachache niliowaona wakifanya hivyo baada ya mwaka wa kwanza.

Watu wanaliona daraja ni salama kwa mwenye kinga ndogo kwa sababu halihitaji kisu. Hilo ni kweli siku ya kuliweka. Mimi naangalia mwaka wa nane. Kwa hali yako kipimo changu ni hiki: kikiharibika, kitaharibikaje, na nitajua mapema kiasi gani? Daraja linaharibika chini ya kifuniko. Kipandikizi kinachoshindwa mapema kinalegea katika miezi ya kwanza, kinafunguliwa, na mfupa unajifunga wenyewe. Kinachoshindwa baadaye huanza kwa fizi kuvuja damu na mfupa kupungua kukizunguka, mara nyingi bila maumivu, lakini kinaonekana kwenye eksirei na kwa kipimo cha kina cha fizi, ilmradi unakuja kuangaliwa kila miezi mitatu au minne. Meno ya kuvua yanaharibikia mkononi mwako, unayaona. Kama majirani wa pengo lako tayari wamezibwa matundu makubwa au wamevunjika na wanahitaji kofia hata hivyo, hesabu ya daraja inabadilika, na hapo nitamsikiliza daktari wa pili.

Jirani yako amesema sehemu ya ukweli. Meno ya kuvaa na kuvua hayahitaji upasuaji, bei yake ni ndogo mara nyingi zaidi kuliko kipandikizi, na yakikukera unayaweka mezani. Lakini kwa mtu wa dawa zako yana tabia mbili za kuangalia. Ya kwanza ni fangasi. Bamba la plastiki lina vitundu vidogo ambamo fangasi wanajificha. Nimewahi kumvua mama mmoja bamba la juu alilokuwa akilala nalo. Kaakaa lake lilikuwa jekundu kama nyama mbichi kwa umbo lilelile la bamba, ukingo kwa ukingo, pembeni pote pakiwa na rangi yake ya kawaida. Hakusikia maumivu yoyote. Alikuja kwa sababu bamba limelegea. Kwa hiyo yavue kila usiku bila udhuru, yasugue kwa mswaki laini na sabuni ya kuoshea vyombo (dawa ya meno inakwaruza plastiki), yalaze kwenye maji safi ya baridi. Maji ya moto yanayapinda.

Ya pili ni vidonda. Plastiki ya bei nafuu inakaa juu ya fizi, na kila unapotafuna inasukuma chini na kukwaruza. Kwa watu waliopandikizwa viungo, saratani ya midomo na ya kinywa hutokea zaidi kuliko kwa wengine, hivyo hatuna ruhusa ya kusema "ni meno tu yanabana". Kidonda chochote kinachopita wiki mbili baada ya ukingo kusawazishwa, kionwe na daktari. Ukiamua kubaki na meno ya kuvua kwa muda mrefu, omba yenye fremu ya chuma. Ni ghali kuliko plastiki, lakini fremu hiyo inaegemea kwenye meno yako mengine badala ya kuzama kwenye fizi, na chuma hakiwapi fangasi maficho.

Kuna uamuzi wa nne ambao hakuna aliyekutajia, labda kwa sababu hauna bei: kuliacha pengo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na watafiti wa Tanzania na Uholanzi, uliofanyika kwa watu wazima hapa Tanzania, ulionyesha kwamba wenye magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa inayokutana walitafuna vya kutosha. Wewe upande wa kulia bado unasaga, kwa hiyo hufi njaa. Hatari ya kuacha ni gego la nyuma kulalia mbele kuelekea pengo, na la juu kushuka. Kwa mwaka mmoja huenda yameanza kusogea, eksirei itasema. Siyo kwamba nakushauri uliache. Aibu ya kucheka mbele ya watoto arobaini ni sababu halali ya kutafuta matibabu, na usimruhusu daktari yeyote aidharau. Nataka tu ujue kwamba hakuna kinachokukimbiza.

Basi kama ungekuwa kwenye kiti changu, ningefanya hivi. Kwanza kisiki, fizi na matundu. Jeraha likipona, nikutengenezee meno mawili ya kuvua ya plastiki ya kuvaa darasani tu, ya muda, yakusaidie kucheka na kuzuia majirani wasisogee. Kwa miezi sita ninaangalia: je, fizi zinabaki safi? Unakuja kila unapoitwa? Mgonjwa ambaye mdomo wake uko safi kwa nusu mwaka ameshanijibu swali ambalo kipimo cha damu hakijibu. Hapo ndipo tunapiga picha ya CT ya taya, kwa sababu chini ya magego ya chini unapita mshipa wa fahamu unaohisi mdomo wa chini na kidevu, na tunapima upana wa mfupa uliobaki. Ukitosha, naweka vipandikizi viwili, nasubiri miezi mitatu hadi sita vishikane kabla ya kuvibebesha meno. Usipotosha, kwako nisingeingia kwenye upasuaji mkubwa wa kuongeza mfupa. Ningehamia kwenye fremu ya chuma na kulala usingizi.

Sasa dawa, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu hatari kubwa ya safari hii yote huenda isiwe kwenye skrubu bali kwenye karatasi ya dawa utakayopewa ukitoka. Ukishang'oa jino katika zahanati nyingi unaondoka na amoksilini, Flagyl na diklofenaki, kama wimbo. Diklofenaki na ibuprofeni usimeze kabisa. Zinaumiza figo, na hiyo moja ndiyo uliyonayo. Parasetamoli inatosha, na isipotosha mpigie daktari wako wa figo. Flagyl inaweza kupandisha takrolimasi kwenye damu, hivyo isiandikwe kwa mazoea. Erithromaisini na klarithromaisini, ambazo hupewa wenye mzio wa penisilini, huipandisha sana mpaka kuwa sumu kwa figo. Flukonazoli ya fangasi nayo ni hivyo, na hata jeli ya mikonazoli ya kupaka mdomoni. Fangasi wakitokea, nistatini ya kusukutua haiingii kwenye damu kwa kiasi cha kusumbua. Kama kuna haja ya dozi moja ya antibayotiki kabla ya upasuaji, hilo liamuliwe kwa simu kati ya madaktari wako wawili, wewe ukiwa umekaa hapo.

Na usiruke hata kidonge kimoja cha takrolimasi "ili kinga ipande kidonda kipone". Nasikia ushauri huo ukitolewa na watu wenye nia njema, pamoja na chupa za mitishamba ya kuongeza kinga. Kinga ikipanda, kitu cha kwanza itakachokiona kigeni ni figo ya kaka yako.

Wasomaji wengine huwa wanauliza kama haya yanawahusu. Anayeishi na VVU, anayemeza dawa zake na virusi havionekani kwenye kipimo, anahesabiwa karibu sawa na mtu mwingine. Vipandikizi vimefanya vizuri kwa watu wa namna hiyo, na kinachoangaliwa ni CD4 (idadi ya chembe za kinga), wingi wa virusi na usafi wa mdomo. Aliye katikati ya dripu za saratani asubiri damu irudi, na aliyechomwa mionzi ya taya au kupewa dripu ya mifupa kwa ajili ya saratani asiguswe taya bila daktari wake wa saratani. Mwenye baridi yabisi anayetumia dawa za kushusha kinga nitamtazama mikono kwanza: vidole visivyoweza kushika uzi wa meno vinaamua zaidi kuliko dawa yenyewe.

Jambo la mwisho, la kiofisi. Ukifika hatua ya vipandikizi, kila skrubu inakuja na stika yenye jina la mtengenezaji, ukubwa na namba ya toleo. Omba stika zako zibandikwe kwenye kadi utakayoondoka nayo, usikubali zibaki kwenye faili la kliniki peke yake. Baada ya miaka kumi kiungio kikilegea, daktari wa Dodoma au Mwanza asiyekufahamu atahitaji bisibisi inayoendana na skrubu hiyo, na bila stika atakuwa anabahatisha.